Nyuzi za Genowefa

Asubuhi, kabla tramu ya kwanza haijakwaruza reli,
nawasha taa ya maabara yangu hapa Łódź.
Kipande cha nyama kimelala ndani ya nta.
Kisu kinakikata chembamba kuliko utando wa kitunguu,
utepe unaelea kwenye maji ya vuguvugu,
nauopoa kwa kioo, natia rangi mbili:
zambarau kwa viini, waridi kwa vilivyobaki.
Saa mbili wanafunzi watakuja na miayo yao.

Wa kwanza ni msuli wa paja.
Nyuzi ndefu, sambamba, kama mtande mtamboni,
milia imekatiza, giza na nuru, giza na nuru,
viini vimesukumwa ukingoni kama wapangaji wenye deni.
Huu ndio unaotii. Ukiuambia inua, unainua.
Mama aliutumia miaka thelathini na minane
kiwandani, kwenye pamba, zamu ya usiku:
uzi ukikatika anaudaka, mate, fundo, twende,
uzi ukikatika, mate, fundo.
Alipostaafu na uziwi wake na saa ya ukutani ya zawadi
vidole viliendelea kufunga mafundo juu ya shuka,
mwenyewe yumo usingizini.
Nani alikuwa akiviamuru?
Hilo sijawahi kuulizwa darasani.

Wa pili hauna milia, na wanafunzi hawaupendi.
"Bi Bogumiła, huu si mchele uliomwagika?"
Chembe zimechongoka ncha zote mbili,
kiini kimoja kimoja, katikati.
Huu hauombi ruhusa ya mtu.
Unasukuma supu ya biti gizani,
unabana mishipa ya damu mwezi wa Januari,
na ndio ulionisukuma mimi nje, mwaka wa theluji ile,
kwa saa kumi na tisa, mama akiwatukana watakatifu
(Jumapili aliwaomba radhi, mmoja mmoja, kwa majina).
Hata kila laika la mkononi lina kijisuli chake,
kidogo mpaka unaona haya kukiita msuli.
Kikijikunja, laika linasimama:
kwa baridi, kwa hofu,
kwa kinanda cha kanisa kikianza ghafla.

Wa tatu uko moyoni tu. Usiutafute kwingine.
Una milia kama yule mtiifu, ila hautii.
Nyuzi zake zina matawi, zinashikana mikono,
na zinaposhikana pana mstari mzito, kama fundo.
Mama alikuja siku moja, koti linachuruzika mvua,
akainama kwenye hadubini, akakaa sana,
akasema kwa sauti ile kubwa ya viziwi:
"Aliyefuma hapa alikuwa na haraka."
Nikamwambia, polepole, asome midomo yangu:
uzi wa hapa ukikatika hakuna wa kuufunga,
panabaki kovu.
"Basi kiwanda kibovu," akasema,
akaomba chai.

Alikufa Jumanne, viazi vimemenywa nusu.
Wa tatu ulitangulia.
Nilipofika kutoka kazini wa kwanza ulishaanza kukakamaa,
taya, kisha shingo, unashuka kwa ratiba yake;
ningeweza kukutajia saa ya magoti.
Jirani, Bi Zdzisława, alikuwa akitafuta mshumaa
kwenye kila droo isiyokuwa na mshumaa.
Hapo nikaiona mikono ya mama.
Malaika yamesimama, yote, toka kiwiko hadi kifundo,
ngozi imefanya vipele kama ya kuku aliyenyonyolewa.

Najua. Vijisuli vile navyo hukakamaa, ni kemia,
nimeieleza miaka ishirini na mmoja,
nikiwa nimesimama, chaki mkononi.

Nikaenda chumbani nikaleta blanketi la sufu,
lile zito, la kijani,
nikamfunika mpaka kidevuni,
nikachomeka pembeni, kote,
upepo usipite.